Usimwambie Mwenzako "Ni Kawaida"

Kuna jibu linalozika wajawazito Kibera na Kawangware. Halitolewi na adui. Hutolewa kwa upole, na watu wanaompenda aliyeuliza.

Ni kawaida.

Kichwa kinamgonga tangu jana? Ni kawaida, hata mimi mimba ya pili kiliniuma hivyo hivyo. Uso umefura? Ni kawaida, hiyo dalili ya mvulana. Mtoto hachezi kama wiki iliyopita? Ni kawaida, amekuwa mkubwa, nafasi imeisha. Damu imeonekana? Ni kawaida, mwili unafungua njia.

Utayasikia kwenye foleni ya maji Gatwekera. Utayasikia saluni pale Kawangware 46, kwenye chama cha Jumapili, kwenye benchi la kliniki kwenyewe, na kwenye kundi la WhatsApp saa saba usiku, wakati mama amekosa usingizi na baba watoto yuko shifti. Aliyeuliza hutulia. Huzima simu, akalala.

Wengine hawaamki.

Tuelewane mapema. Siandiki kuwakataza kina mama kuzungumza. Mwezi wa nane na wa tisa ni mizito, na mwanamke anayeishi kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, mamake akiwa Siaya, Kakamega au Kitui, hana wa kumwuliza ila jirani mwenye tumbo kama lake. Hawa wanawake wanapeana nguo za mtoto na beseni. Wanasindikizana chooni usiku, kwa sababu choo kiko mbali na njia ni ya giza. Aliyejifungua huletewa uji na kufuliwa nguo. Hakuna afisa aliyewapangia hayo yote. Waliyapanga wenyewe, na yanafanya kazi.

Tatizo ni lile jibu moja. Na jibu hilo linasambaa.

Linasambaa kwa sababu ambayo ni rahisi kuiona ukiikazia macho. Aliyeumwa kichwa mwezi wa nane akapona, yuko kwenye kundi. Anasimulia. Ana mtoto mgongoni kama ushahidi. Aliyeumwa kichwa hicho hicho akafa hayupo kusimulia. Mumewe amehama mtaa, mtoto amepelekwa kwa nyanya mashambani, na namba yake imetolewa kwenye kundi. Kwa hiyo kila swali likiulizwa, mashahidi wote wanaojibu ni wale waliobahatika. Kundi la wajawazito, liwe na nia njema namna gani, litaegemea siku zote upande wa "itapita".

Moto ukishika mabati Laini Saba, hakuna anayeuliza kama moshi huo ni wa kawaida. Watu hupiga mayowe na kuchota maji. Huulizana maswali baadaye.

Sasa hesabu, kwa ufupi. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kenya hupoteza akina mama 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Hiyo ni nchi nzima, mjini na mashambani. Watafiti wa kituo cha utafiti cha APHRC walipohesabu vifo vya Korogocho na Viwandani, mitaa miwili ya mabanda hapa hapa Nairobi, kati ya mwaka 2003 na 2005, walipata 706. Mitaa hiyo iko mashariki ya jiji na miaka imepita, lakini soma orodha ya visababishi walivyovikuta: matatizo ya mimba iliyotoka au kutolewa, kuvuja damu, maambukizi, kifafa cha mimba, mfuko wa uzazi kupasuka. Hakuna kipya kwenye orodha hiyo. Hakuna kisichojulikana dawa yake au upasuaji wake.

Wala usiniambie ni umbali. Kutoka Kibera, Hospitali ya Mbagathi iko jirani na Kenyatta iko nyuma yake kidogo. Kutoka Kawangware unashika Naivasha Road, unaingia Ngong Road, umefika. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Mashambani Turkana, kuchelewa kufika ndiko kunakoua. Huku kwetu, mama anaweza kufia mahali ambapo king'ora cha ambulensi ya Kenyatta kinasikika.

Huku kwetu tunachelewa kuamua. Na uamuzi huo hufanyika kwenye mazungumzo yale yale.

Nitaanza na presha, kwa sababu ndiyo inayodanganya watu zaidi.

Presha ya mimba huja baada ya wiki ya 20, na mara nyingi huja miezi ya mwisho. Haiumi. Mama anaweza kuosha nguo za watu asubuhi nzima, apike chapati za kuuza jioni, huku presha yake imepita 140 kwa 90 na figo zimeanza kulemewa. Ikifika 160 kwa 110, hiyo ni dharura hata kama anacheka. Ishara zikitokea, zinafanana na uchovu wa kila siku: kichwa kisichotulia hata baada ya dawa ya maumivu, macho yanayoona ukungu au vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu ambayo wengi hudhani ni asidi, mikono na uso kufura ghafla. Miguu kufura jioni huwapata wajawazito wengi. Uso kufura asubuhi ni habari nyingine. Pete kukataa kutoka kidoleni ni habari nyingine.

Halafu degedege. Mwili unakakamaa, macho yanageuka, povu.

Hapo ndipo kichochoro kizima hujaa ushauri. Ni majini. Amerogwa na mke mwenza. Mwiteni pasta. Nimesikia haya kutoka kwa watu wenye akili zao timamu, na siwacheki, maana degedege inatisha na mtu aliyetishika hushika lolote lililo karibu. Lakini hicho ni kifafa cha mimba. Pasta aitwe, aombe akiwa ndani ya gari. Mama alazwe kwa ubavu, asiwekwe kijiko mdomoni, asinyweshwe chochote, apelekwe hospitali ile dakika.

Kuna sindano ya magnesiamu salfeti. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililoitwa Magpie, lililohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33. Dawa hiyo ilipunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa nusu. Ni dawa ya zamani na si ya bei ghali. Lakini haiji nyumbani. Inamngoja aliyefika. Na tiba ya mwisho ni mtoto na kondo kutoka, jambo ambalo daktari pekee ndiye anayeweza kulipangia saa.

Nani anapima presha? Septemba 2023 serikali iliwatuma mitaani wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, wale ambao wengi wetu bado tunawaita CHV. Walipewa begi. Ndani ya begi kuna mashine ya presha. Mtaani kwako yupo mmoja. Humjui kwa sababu hujauliza, au unamjua kama yule mama wa neti za mbu. Posho zao huchelewa na wana manung'uniko ya haki, hilo liwe wazi. Hata hivyo mashine iko ndani ya begi. Chama kinachokutana kila Jumapili na kinachojua kuhesabu pesa za kila mwanachama hadi shilingi ya mwisho kinaweza kumwalika mtu huyu na kupima kila tumbo lililopita miezi sita. Andikeni kwenye kitabu cha kliniki. Tarehe na namba.

Presha haijulikani kwa kumtazama mtu. Presha hupimwa.

La pili ni mchezo wa mtoto, na hapa uongo umekita mizizi.

Uongo wenyewe ni huu: mtoto akikaribia kuzaliwa hupunguza kucheza, kwa sababu amejaa tumboni, au anajikusanyia nguvu. Si kweli. Mtoto hubadilisha namna ya kucheza. Mateke ya ghafla hupungua, kujigeuza na kujinyoosha huzidi. Lakini wingi haupungui. Kuanzia karibu wiki ya 28, kila mtoto ana mtindo wake na mama anaujua: huyu huamka mama akilala, yule hucheza baada ya chakula. Mtindo huo hauna budi kuendelea mpaka uchungu unapoanza, hata wakati wa uchungu.

Mtoto akipunguza, huenda hewa na chakula vinapungua kwenye kondo. Anabana matumizi ili aishi. Ana muda, lakini muda huo si mrefu.

Na sisi tunamwambia nini mama huyo? Kunywa soda baridi, atashtuka. Kula kitu kitamu. Lala, umwone kesho. Waswahili walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa kuna mtu ndani ya tumbo anayengoja pia. Kesho akifika kliniki, muuguzi anatafuta moyo kwa kipimo, anahamisha kipimo, anamwita mwenzake. Watoto wengi wanaozaliwa wamekufa walikuwa hai wiki hiyo hiyo. Hilo halisemwi kwenye chama, kwa sababu mama wa mtoto aliyezaliwa amekufa huacha kuja kwenye chama.

Kwa hiyo: mtoto amepunguza kucheza, nenda leo. Usiku ukikukuta, nenda usiku. Ukiambiwa uko salama, rudi nyumbani. Akipunguza tena, nenda tena. Hakuna muuguzi aliyekufa kwa kusumbuliwa.

Damu na maji hayahitaji maelezo marefu. Ute mzito wenye michirizi ya damu karibu na uchungu huwatokea wengi. Damu inayotiririka si ute. Damu isiyo na maumivu yoyote inaweza kutoka kwa kondo lililokaa kwenye njia ya mtoto. Damu yenye tumbo gumu kama ubao inaweza kuwa kondo linabanduka. Zote mbili huisha vibaya nyumbani. Maji yakitoka na uchungu haujaanza, usikae siku mbili ukisubiri uchungu. Njia imefunguka na maambukizi yanapanda. Yakiwa ya kijani, mtoto amechafua maji, na anaweza kuwa taabani. Homa, nenda. Aliyewahi kupasuliwa asisikilizie uchungu nyumbani hata kidogo, kwa sababu kovu linaweza kuachia.

Sasa niseme juu ya wakunga wa mtaani, bila kuwatukana.

Wanawake wanawaendea kwa sababu inayoeleweka. Mkunga anakuita mwanangu. Hakufokei. Anakubali kulipwa kwa awamu, au kwa kuku. Kwenye wodi, baadhi ya wanawake wamepigiwa kelele, wamezabwa makofi, wameachwa peke yao wakaitwa wachafu. Wenye wodi wanajua. Wasipolisafisha jambo hili, wataendelea kuwasukuma wanawake kwa mkunga kwa midomo yao wenyewe, kisha wawalaumu kwa kuchelewa.

Lakini mkunga hana damu ya kuongeza. Hana chumba cha upasuaji. Akikanda tumbo ili amgeuze mtoto aliyekaa vibaya, anaweza kubandua kondo. Akikupa manyasi, yaani mitishamba, uyachemshe ili uchungu uende mbio, hakuna anayejua nguvu yake kwenye kikombe kile, na mfuko wa uzazi ukisukumwa kupita kiasi hupasuka. Mkunga mzuri ni yule anayekushika mkono na kutembea nawe mpaka langoni mwa hospitali, akakaa. Wako wanaofanya hivyo. Mtafute huyo.

Hata kliniki ndogo za kulipia, zile zenye msalaba mwekundu uliopakwa kwenye mabati, ziulizwe swali moja kabla ya mwezi wa tisa: mambo yakiharibika hapa saa nane usiku, mnanipeleka wapi na kwa gari gani? Anayejibu kwa jina la hospitali na namba ya dereva, mwamini kidogo. Anayejibu "hakuna kitakachoharibika", ondoka. Hiyo ni "ni kawaida" iliyovaa koti jeupe.

Pesa.

Tangu Juni 2013 kujifungua hospitali za umma kulitangazwa kuwa bure, na baadaye mpango ukaitwa Linda Mama. Mwanamke alifika na kitambulisho, hata akiwa na uchungu, akaandikishwa. Akina mama wengi bado wanawasimulia wenzao hivyo: usijali, utaandikishwa huko huko.

Linda Mama imekwisha.

Oktoba 2024 mamlaka ya afya ya jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya NHIF, na Linda Mama ikageuzwa kuwa Linda Jamii. Kujiandikisha tu hakutoshi kulipia kitanda cha kujifungulia. Mchango lazima uwe umelipwa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani kuanzia shilingi 3,600. Kwa mama anayefua nguo za watu Kilimani kwa kibarua cha siku, shilingi 3,600 hazipatikani usiku wa uchungu. Zinapatikana kidogo kidogo, zikianza mapema. Ukiwa umelipa, SHA huilipa hospitali shilingi 10,000 kwa kuzaa kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Ukiwa hujalipa, bili hiyo inakutazama wewe.

Piga *147# wiki hii. Jiandikishe. Ona unadaiwa kiasi gani.

Na vyama visikilize hapa. Sherehe za kumkaribisha mtoto zimekuwa za fahari siku hizi, keki ya ghorofa mbili, puto za waridi, fulana za kufanana, mpiga picha. Sizichukii. Lakini nimekaa kwenye sherehe ambapo keki ilizidi mchango wa SHA wa mwaka mzima, na mwenye tumbo hakuwa amelipa hata mwezi mmoja. Lipeni SHA yake kwanza. Keki ije na salio.

Kwa wale ambao pesa hazitapatikana kabisa, jueni sheria. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Degedege ni dharura. Damu inayomwagika ni dharura. Na Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua kuwa kuwazuia wodini akina mama walioshindwa kulipa bili ya kujifungua ni kinyume cha sheria, katika kesi iliyoletwa na wanawake wawili waliofungiwa namna hiyo. Hofu ya kufungiwa isimbakize mtu nyumbani akivuja damu. Bili hujadiliwa na aliye hai.

Sasa usiku. Mambo haya hupenda usiku.

Usiku boda ni wachache na bei imepanda. Gari haliingii vichochoroni. Lazima mama atolewe mpaka Kibera Drive au mpaka Naivasha Road, kwa miguu au kwa kubebwa. Njiani kuna vijana asiowajua. Mume hana simu, au ina asilimia mbili. Mchana, haya yote yanatatulika kwa nusu saa ya kupanga. Usiku, kila moja linaweza kula saa nzima.

Tuna mfano wetu wenyewe. Machi 27, 2020 kafyu ya korona ilianza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Wanawake wenye uchungu waliogopa barabara na polisi. Daktari Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea uzazi na magonjwa ya wanawake Kenyatta, aliona wodi zinapungua watu huku wanaofika wakifika wamezidiwa. Akaanza kwa kujitolea kuwasafirisha wajawazito usiku, na hilo likakua likawa mpango wa Wheels for Life: mama anapiga simu, daktari anasikiliza, gari linatumwa. Angalia lilivyoanza. Halikuanza na jengo. Lilianza na namba ya simu na mtu wa kuipokea.

Mtaa unaweza kuwa na namba hizo. Madereva wawili wa teksi na mmoja wa boda, walioambiwa mapema, wanaojua mlango. Vijana wa baze wawili ambao mamake mmoja wao anaaminika, watakaombeba mama hadi barabarani. Namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, imeandikwa ukutani kwa chaki, si kwenye simu pekee, kwa maana simu huzima. Nauli imewekwa kwa mtu mmoja kwenye chama asiyekopesha. Begi limefungwa: kitambulisho, kitabu cha kliniki, kanga, pamba, nguo za mtoto. Na jina la mtu wa kulala na watoto wakubwa, kwa sababu akina mama wengi hukawia kutoka nyumbani kwa kukosa wa kuwaachia watoto.

Haya yapangwe wiki ya 32. Mwezi wa tisa umechelewa.

Baba watoto, nawe usikilize. Ruhusa yako isisubiriwe. Itoe leo, mbele ya mamako na jirani: akipatwa na lolote, aende, hata kama simu yangu haipatikani. Kuna wanawake walioketi kitandani wakivuja wakisubiri mtu arudi kutoka Industrial Area aseme ndiyo.

Na wewe unayeulizwa. Leo, kesho, kwenye foleni ya maji, kwenye kundi. Mwenzako ataandika, "kuna mtu amewahi kuumwa na kichwa hivi?" Utataka kumtuliza. Ni silika nzuri. Izuie.

Usimwambie uliumwa ukapona. Muulize.

Presha yako ilipimwa lini, na ilisoma ngapi? Mtoto amecheza leo kama jana? Unaona vizuri? Kuna damu, kuna maji? Nani yuko nawe sasa hivi? Jibu lolote likikutia shaka, neno linalofuata ni "twende". Twende, wala si nenda. Aliyesindikizwa na wawili husikilizwa langoni haraka kuliko aliyekuja peke yake ameinama, na muuguzi mkali hupunguza sauti mbele ya mashahidi. Sio haki kwamba iko hivyo. Lakini iko hivyo, kwa hiyo nendeni wawili.

Kundi la WhatsApp liwe na sheria moja iliyobandikwa juu kabisa: dalili za hatari hazijibiwi kwa uzoefu. Zinajibiwa kwa mahali pa kwenda na mtu wa kwenda naye. Msimamizi afute kila "ni kawaida" inayofuata swali la kichwa, macho, damu, maji, homa au mtoto kutocheza. Afute bila kuomba radhi. Mada za kiungulia, mgongo, usingizi, majina ya watoto na mama mkwe zibaki wazi. Huko ongeeni mpaka alfajiri.

Jambo la mwisho, kwa sababu hapa ndipo makundi huvunjika mapema. Mtoto akizaliwa, picha hutumwa, watu hupongezana, na ulinzi unalegea. Presha ya mimba haiishi kwa mtoto kutoka. Inaweza kupanda siku za kwanza baada ya kujifungua, na kifafa kinaweza kuja hata kwa mama ambaye presha yake ilikuwa sawa mimba nzima. Damu inaweza kuanza upya. Maambukizi huja na homa na harufu mbaya siku ya tatu, ya nne, ya kumi. Kwa hiyo jina la aliyejifungua lisitoke kwenye daftari la chama mpaka wiki 6 zipite. Anayepeleka uji apeleke na maswali. Yule mwenye mashine ya presha apite wiki ya kwanza, apite tena. Mama akisema kichwa kinamgonga na mtoto ana siku 4, afungwe kanga, mtoto abebwe, kitabu kichukuliwe, arudishwe hospitali usiku huo huo.